Vegani, Sawa. Lakini Mkali Kiasi Gani?

Kuacha nyama ilikuwa kazi nyepesi kuliko nilivyodhani. Nyama unaiona, unaijua, unaiacha. Mayai na maziwa vivyo hivyo. Ugumu ulianza nilipogeuza pakiti ya biskuti na kukuta, mwishoni kabisa mwa orodha ya viambato, baada ya chumvi na magadi, maneno "unga wa maziwa". Chini yake, kwa herufi za kutafutia miwani: "huenda ikawa na chembe za yai".

Hapo maswali yakaanza kupanga foleni. Unga wa maziwa usiofika hata nusu kijiko katika pakiti nzima, nao niuhesabu? Chembe ambazo mwenye kiwanda mwenyewe hana hakika kama zimo, nazo? Kidonge cha dawa chenye ganda la jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama? Na nikialikwa kwa mtu aliyehangaika jikoni kutwa nzima kwa ajili yangu, nianze kumhoji ametumia mafuta gani?

Anayeanza ulaji wa vegani, yaani kuacha vyote vitokanavyo na wanyama, husikia sauti mbili. Moja inasema fanya unachoweza, usijitese. Nyingine inasema ama umo ama humo. Nimekaa na watu wa pande zote mbili, nimekula nao na kubishana nao, na sikuweza kujiunga na upande wowote kwa sababu wote walikuwa wanazungumzia kiasi cha ukali bila kusema ukali huo ni wa kazi gani. Wengine huuachia moyo: kitu kikiwakera wanakiacha, kisipowakera wanakula. Mimi moyo wangu naujua. Siku ya njaa utasema kula.

Nikarudi kwenye sababu iliyonifanya niache. Sikuacha maziwa kwa kuwa ni machafu. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na katika ufugaji mkubwa wa kibiashara ndama hutenganishwa na mama yake mapema, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili, ili maziwa yaende sokoni. Ndama dume wa ng'ombe wa maziwa hana faida kubwa kwa mfugaji, na maisha yake kwa kawaida huwa mafupi. Kwa kuku wa mayai ndiyo zaidi: kifaranga dume hatagi, wala hanenepi upesi kama kuku wa nyama, kwa hiyo huuawa siku ileile anapoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia 2022, Ufaransa nayo ikafuata, lakini kwingi duniani bado linaendelea.

Yote haya yanafanyika kwa sababu kuna anayelipa. Kwangu basi maziwa si najisi. Tone likinidondokea mkononi sikimbilii kunawa. Tatizo langu ni oda: kila ninaponunua, ninaagiza jingine litengenezwe. Nikapata swali la kupimia kila kitu: nikikataa hiki, kuna mnyama anayepona, leo au baadaye, hata kwa njia ya mbali? Au anayepona ni mimi tu na sifa zangu?

Unga wa maziwa kwenye biskuti ulijibiwa mara moja. Ni kiambato. Mtu amekaa akaandika kwenye fomula kwamba kiasi fulani cha maziwa kiingie, na kiwanda kinayanunua kwa tani. Udogo wa kiasi kilicho katika pakiti yangu haubadilishi kitu. Biashara ya mabaki ya maziwa imejengwa juu ya viasi vidogo namna hiyo. Naacha. Ile "huenda ikawa na chembe" ni habari nyingine kabisa. Hilo ni onyo kwa wenye mzio: mashine iliyotengeneza biskuti hizi imetengeneza pia zenye yai, na wanaisafisha lakini hawaapi. Hakuna aliyeagiza yai hilo kwa ajili ya pakiti yangu. Nikikataa, hakuna kuku hata mmoja atakayejua. Pakiti yenye onyo hilo tu, isiyo na maziwa, nakula, na hata Vegan Society, chama cha vegani cha Uingereza, ambao huwezi kuwaita walegevu, wanakubali bidhaa yenye onyo la namna hiyo kubeba alama yao.

(Nikiwa hapo niseme jambo moja kwa wenye mzio wa maziwa au mayai: alama ya vegani si ahadi kwenu. Inaeleza kilichokusudiwa kuwekwa, haielezi kilichoingia kwa bahati mbaya. Someni onyo la mzio kila mara.)

Zile namba za viongezeo vya chakula zinazoanza na E zilinipa kazi zaidi. E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi kakati. Hukaushwa na kusagwa, na kilo moja ya rangi inahitaji maelfu kwa maelfu yao. E901 ni nta ya nyuki. E904 ni shelaki, utomvu wa mdudu, ndiyo inayozipa peremende na baadhi ya vidonge ule mng'ao. E920 hutumika kulainisha unga wa mikate, na inaweza kutoka kwenye manyoya ya ndege au ikatengenezwa bila mnyama. Nne hizi nimezikariri. Tatu za kwanza naziacha, kwa sababu zinaonekana kwenye kibandiko na karibu kila mara kuna bidhaa ya pembeni isiyo nazo. Ya nne naiacha ikiwa kuna mkate mwingine.

Halafu kuna E471, inayosaidia mafuta na maji yakae pamoja. Inaweza kutoka kwenye mimea, inaweza kutoka kwenye mafuta ya mnyama, na pakiti haisemi. Iko kwenye mikate, keki, majarini, aiskrimu, kila mahali. Kuna watu wanaoandikia viwanda barua kuuliza. Nawaheshimu, na majibu yao yakinifikia nayatumia, lakini mimi mwenyewe siandiki. Sukari ya miwa ambayo baadhi ya viwanda huipitisha kwenye makaa ya mifupa ili iwe nyeupe, hiyo pia sifuatilii ikiwa imo ndani ya kitu kingine. Divai na bia zilizosafishwa kwa jelatini au kwa kitu kitokanacho na kibofu cha hewa cha samaki, nauliza ikiwa aliyepo mbele yangu anajua. Asipojua, yameisha.

Rafiki yangu mmoja, vegani wa miaka mingi kuliko mimi, haipendi hata kidogo sehemu hiyo. Yeye sufuria iliyopikiwa nyama haitumii mpaka aisugue mwenyewe. Nilipomweleza swali langu la kupimia alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Anayejipimia mwenyewe hajipunji."

Neno lake lilinikaa, kwa sababu ni kweli. Ukiruhusu kila mlo uwe kesi ya kusikilizwa upya, wewe ndiye mshtakiwa, wakili na hakimu, na hukumu inajulikana. Siku mbili tatu za kuchoka kazini na tayari "leo tu" imeshakuwa desturi. Aliyeapa kutogusa kabisa hana kesi ya kusikiliza. Amepumzika. Nilichojifunza kwake ni kwamba ukali una faida ambayo haihusu ng'ombe moja kwa moja: unapunguza maamuzi. Kwa hiyo nilichukua nusu ya dawa yake. Kanuni zangu si kali kama zake, lakini zote nilizitunga nikiwa nimeshiba, nyumbani, pasipo sahani mbele yangu, na mezani hazibadilishwi. Kama nataka kulegeza moja, nangoja mpaka siku nyingine niifikirie. Ajabu ni kwamba nikishangoja, mara nyingi hamu imekwisha.

Nusu niliyoikataa ni ile ya kusugua sufuria. Mwaka 2014 taasisi ya Faunalytics ya Marekani ilitoa utafiti uliohusisha zaidi ya watu wazima 11,000. Kati ya waliowahi kuacha nyama, wawe vegani au la, takriban 84% walikuwa wamerudi. Theluthi moja hivi ya hao waliorudi hawakumaliza hata miezi mitatu. Lililonigusa zaidi ni kwamba 43% ya waliorudi walisema iliwawia vigumu mno kuwa "safi" katika ulaji wao. Waliogopa kuwa na doa, doa likaonekana, wakatupa nguo nzima. Mtu aliyekula maharage na mboga mwaka mzima, akateleza kwa keki ya harusi, akajiona ameshindwa na kurudia nyama kila siku: hapo usafi umemnufaisha nani? Hakika si kuku.

Hata walioanzisha jambo lenyewe hawakudai usafi. Vegan Society ilianzishwa Novemba 1944, Donald Watson akiwa miongoni mwa waanzilishi, wakati wa vita, Uingereza ikiwa kwenye mgao wa chakula. Maelezo rasmi wanayotumia leo yanasema ni kujiepusha na unyonyaji na ukatili kwa wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Watu hupenda kukirukia kipande hicho cha mwisho kama mlango wa uani. Mimi nakisoma kama kazi: lazima ukae chini ujue kipi kwako kinawezekana, na kinachowezekana hakina udhuru.

Sasa tuje kwa watu wengine, maana jikoni kwako hakuna mtihani.

Shangazi yangu alinialika chakula. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi sili nyama, na kwa kweli alijipanga: maharage, viazi, mboga za majani, nyama ikawekwa sufuria yake peke yake, mbali. Nilipopakua maharage nikaona yana ule mng'ao wa dhahabu juu, na harufu ikanifikia kabla ya kijiko. Meza imejaa ndugu, kila mmoja ananitazama aone kama nitakula. Nikapakua viazi vingi na mboga nyingi, nikala, nikasifu, na hakuna aliyesema kitu. Baadaye nikamfuata jikoni, nikashika kitambaa nikawa namfutia vyombo.

"Shangazi, maharage yalikuwa yananukia kweli. Ulitia nini?"

"Siagi, mwanangu. Kijiko kimoja tu, yasiwe makavu."

"Mimi siagi nimeacha, shangazi."

Akasimama na sahani mkononi. "Si walisema nyama?"

"Nyama, na maziwa, na mayai, na siagi."

"Basi unakula nini, mtoto wa watu?"

"Maharage yayo hayo. Na mafuta ya alizeti."

Akanyoosha mkono juu ya rafu, akashusha chupa ya mafuta ya alizeti iliyojaa mpaka shingoni, akaiweka mbele yangu kwa kishindo. "Haya si haya hapa? Ungesema!"

Tangu siku ile maharage yangu hupikwa kwa chupa ile, na sijawahi kumkumbusha. Naona mambo mawili hapo. Kwa kipimo changu ningeweza kuyala yale maharage. Siagi ilishanunuliwa, ilishayeyuka, ng'ombe hapati wala hakosi kitu. Lakini kipimo kilisema "leo au baadaye", na baadaye ndiyo iliyoniamulia. Ningekula, shangazi angejifunza kwamba kijiko kimoja si neno. Mara nyingine vingekuwa viwili, na angevinunua kwa jina langu. Oda hupita kwenye mazoea ya watu kama inavyopita kaunta ya duka. Jambo la pili: watu wanaokupenda hawachoshwi na kanuni iliyo wazi, wanachoshwa na kubahatisha. Mgeni ambaye jana alikula jibini na leo hali ndiye anayemtesa mwenyeji, kwa sababu hajui apike nini.

Kwa hiyo mbele za watu nina ukali zaidi kuliko nikiwa peke yangu. Najua wengi hufanya kinyume: nyumbani hawagusi, ugenini wanakula kilichopo kwa heshima. Sababu yao naielewa. Mimi nimeona heshima kubwa zaidi ni kusema mapema, kabla moto haujawashwa, tena kusema ninachokula kabla ya kutaja nisichokula. Ukianza na orodha ya makatazo mwenyeji anaona ukuta. Ukimwambia maharage, dengu, viazi, mboga yoyote, wali, matunda, kwa mafuta ya mimea, anaona chakula.

Nimeacha tundu moja. Kama mtu amejua, amejitahidi kwa ajili yangu mahususi, na kitu kikapenya kwa kutojua, kama vile mchuzi wa chupa wenye samaki ndani yake, nakula kilichopikwa, na siku nyingine, faraghani, namweleza. Kumrudishia sahani mtu aliyejitahidi kunamfundisha kwamba juhudi haina maana. Rafiki yangu wa sufuria anasema tundu hilo litakuwa lango. Bado halijawa.

Mgahawani hakuna hisani, kuna biashara. Nimeagiza bila jibini, limekuja na jibini, linarudi.

Dawa nazo hazikunichukua muda. Maganda ya vidonge mengi ni ya jelatini, vidonge vingi vina laktosi, yaani sukari ya maziwa, na baadhi ya chanjo za mafua hukuzwa ndani ya mayai. Namuuliza mfamasia kama ipo aina nyingine inayofanya kazi ileile. Ikiwepo naichukua, isipokuwepo nameza iliyopo. Sijawahi kuacha dawa niliyoandikiwa, na yeyote anayekushauri uache kwa sababu ya ganda la kidonge mpishe njia.

Lakini kuna sehemu moja ambayo sina ulegevu wowote, wala haihusu kukataa kitu. Ni vitamini B12.

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria. Wanyama hawaitengenezi wenyewe, mimea haina haja nayo, na mla mimea tupu hana chanzo cha kutegemea isipokuwa chakula kilichoongezewa au kidonge. Inadanganya kwa namna mbili. Kwanza, ini la mtu aliyekula nyama maisha yake yote lina akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo unaweza kuacha kila kitu, ukapendeza, ukanawiri, ukawaambia watu kwamba maneno ya B12 ni vitisho tu, huku unakula akiba. Pili, upungufu wake kwa kawaida hujitangaza kwa upungufu wa damu, lakini foleti, vitamini nyingine iliyojaa kwenye maharage na mboga za majani, yaani chakula chetu hasa, inaweza kuificha dalili hiyo wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Unaanza kuhisi ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi, uchovu, kusahausahau, na uharibifu mwingine ukichelewa haurudi nyuma.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo cha kuchekesha: Marekani wanataja mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima. Tatizo ni namna mwili unavyopokea. Kwa mara moja unachukua mikrogramu moja na nusu au mbili hivi kwa njia yake ya kawaida, na kinachozidi hapo huingia kwa asilimia moja tu. Ndiyo maana ushauri wa Vegan Society unaonekana wa ajabu kwa hesabu ya kawaida: ama mikrogramu 3 kwa siku kutoka kwenye vyakula vilivyoongezewa, vikiliwa kwa nyakati tofauti, ama kidonge cha mikrogramu 10 kila siku, ama 2,000 mara moja kwa wiki. Mimi hutumia cha kila siku, kiko kando ya mswaki. Spirulina, ule unga wa kijani wa mwani, haisaidii, sehemu kubwa ya kinachoonekana humo kama B12 mwili wetu hauwezi kukitumia.

Nimekutana na watu wanaosoma kila namba ya E kwenye pakiti, wanaokataa sukari kwa sababu ya makaa ya mifupa, halafu hawamezi B12 kwa kuwa "ni ya kiwandani". Sipendi kumkosoa mtu kwenye sahani yake, lakini hapo huwa siwezi kunyamaza. B12 ya dukani hutengenezwa kwa bakteria waliokuzwa kwenye matangi. Hakuna mnyama humo. Na vegani anayeanguka kwa ganzi ya miguu huwarudisha kwenye nyama watu kumi waliokuwa wanamtazama. Ukipima kwa swali langu, kidonge kile kinaokoa wanyama wengi kuliko kuchunguza E471.

Mengine ya afya sina mengi ya kuongeza. Madini ya chuma ya mimea huingia vizuri zaidi yakiliwa na kitu chenye vitamini C, na chai inywewe mbali na mlo. Madini joto yapatikane kwa chumvi iliyoongezewa. Vitamini D3 nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, ila ipo isiyotokana na mnyama. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga wasiende kwa kubahatisha. Wamwone mtu wa lishe, maana mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 hana akiba ya kumwokoa.

Kuna watu hupenda kunikamata. "Hata hizo mboga zako, trekta linaua panya." Kweli linaua. Zaidi ya hapo, lozi nyingi za dunia hutoka California, na kila Februari mizinga ya nyuki hupakiwa kwenye malori kupelekwa kule kuchavusha. Mbolea ya mashamba mengi ni samadi. Asali siili, lozi nakula, na ukinibana nitakiri kwamba tofauti si kubwa kama ningependa. Ila hoja ya panya ina upande wa pili. Watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek, katika jarida la Science mwaka 2018, walikusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119 na kukuta kwamba nyama, maziwa, mayai na samaki wa kufugwa huchukua takriban 83% ya ardhi ya kilimo huku vikitoa 18% tu ya kalori tunazokula na 37% ya protini. Mnyama naye hula mazao. Mwenye uchungu na panya wa shambani akipunguza nyama atakuwa amewasaidia pia.

Kesi niliyoipenda zaidi ni ya chaza. Chaza na kome hawana ubongo, wana vifundo vya neva tu, na mwanafalsafa Peter Singer mwaka 1975 alipendekeza mstari uwekwe mahali fulani kati ya kamba na chaza; baadaye akawa na shaka na pendekezo lake mwenyewe. Nimesoma hoja za pande zote na nadhani huenda chaza hahisi chochote. Siwali hata hivyo. Sababu ni ileile ya maharage ya shangazi: nikionekana nakula chaza mara moja, itabidi niwaeleze ndugu zangu wote habari za vifundo vya neva, na watakaporudi nyumbani watakachokumbuka ni kwamba samaki nakula.

Kesi ambayo sijaimaliza iko nyumbani kwangu. Mdogo wangu amehamia kwangu na paka wake. Paka si mtu wala si mbwa: mwili wake hautengenezi taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, ya kumtosha, wala haugeuzi karoti kuwa vitamini A, kwa hiyo anahitaji nyama. Vipo vyakula vya paka vyenye virutubisho vilivyotengenezwa maabara, lakini paka huyu ni mzee na figo zake si nzuri, na daktari wa mifugo ametukataza majaribio. Kwa hiyo yapo makopo ya nyama kwenye rafu ya chini, karibu na dengu zangu. Mdogo wangu anayanunua kwa hela yake. Akisafiri mimi ndiye ninayefungua kopo, na yakiisha akiwa hayupo mimi ndiye ninayekwenda dukani. Nilipomwuliza rafiki yangu angefanyaje, yule wa kusugua sufuria, alifikiri muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaniuliza paka anapenda ladha gani.